Choo Kikijaa

Mvua za masika zikikaribia, hapa Buguruni, Dar es Salaam, kuna watu wanaozisubiri kwa sababu ambayo hakuna anayeitaja hadharani. Choo kimejaa tangu Januari. Gari la majitaka haliwezi kupita kwenye uchochoro, na hata lingepita, fedha ya kulilipa haipo. Basi inasubiriwa mvua kubwa, ile inayopiga bati usiku kucha mpaka watu waliolala chumba kimoja hawasikilizani. Saa hiyo mtu anatoka na tochi na kipande cha nondo, anachokonoa udongo ulioziba tundu upande wa chini wa shimo, na choo kinatapika. Maji ya mvua yanabeba kila kitu mpaka mtaroni, mtaro unayashusha mpaka Mto Msimbazi, na asubuhi uwanja umefagiwa, watu wanasalimiana kama kawaida. Mitaani kwetu wanaita kutapisha choo. Sijaona mtaa wa bondeni usioijua kazi hiyo.

Vyoo vyenyewe vimejengwa vikiisubiri. Maji ya ardhini yako juu, ukichimba kidogo tu umeyafikia, kwa hiyo shimo linapandishwa juu ya ardhi kwa matofali ya saruji, au kwa matairi makuukuu yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mtu anapanda ngazi kwenda kujisaidia. Upande wa mtaro fundi anaacha tundu, halafu analiziba kwa gunia na udongo. Niliwahi kusimama kando ya fundi mmoja akijenga choo cha namna hiyo. Alipofika kwenye tundu hakuuliza kama linatakiwa. Aliuliza litazame wapi.

Mama mmoja mwenye nyumba, jirani yangu wa siku nyingi, ndiye aliyenifungulia jambo hili kwa sentensi moja. Nilimkuta kibarazani asubuhi baada ya mvua, akichagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wametumwa tena watu wa afya?"

Nikamwambia hapana, nimepita tu. Tukazungumza ya watoto, ya kodi, ya wapangaji wanaohama bila kuaga. Mwisho akalileta mwenyewe, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyelibeba neno muda mrefu: "Kila anayekuja hapa ananiambia nisitapishe. Sawa. Sasa hayo yaliyojaa niyapeleke wapi, mwanangu?"

Nimelifikiria swali lake kwa miaka, na kila nikilizungusha naliona lina jibu moja. Hana pa kuyapeleka. Ana wajibu wa kuwa na choo, na anacho. Ana wajibu wa kukisafisha, na anakisafisha. Lakini safari ya yaliyomo chooni kutoka Buguruni mpaka mahali yatakapogeuzwa kuwa maji yasiyodhuru haiwezi kuwa ya mjane mwenye vyumba sita vya kupangisha. Inahitaji bomba linalopita chini ya nyumba za watu wengi, ardhi ya mabwawa, pampu, umeme, wahandisi, sheria ya kuvuka kiwanja cha mtu, na fedha za miaka thelathini mbele. Vitu hivyo vyote viko kwenye mkono mmoja tu, na mkono huo ni wa serikali.

Ninalisema hili waziwazi kwa sababu tumelelewa kulifikiria kinyume. Usafi kwetu ni jambo la nafsi na la nyumba. Msichana anafundishwa kufagia uwanja kabla jua halijatoka. Mtu anatawadha, anaosha mikono, anaacha ndara mlangoni. Tunasema usafi ni nusu ya imani na tunamaanisha. Ni malezi mazuri na nisingependa yapotee. Ila yametuzoesha kuamini kwamba uchafu wowote unaoonekana una mtu mmoja mchafu nyuma yake, na kazi iliyobaki ni kumtafuta na kumsema. Mto ukinuka tunamtafuta aliyetapisha. Hatumtafuti aliyepewa bajeti.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuhusu malaria, kuhara, minyoo na maji, wakatoka pale wakachimba vyoo kwa mikono yao. Miaka ya karibuni tumekuwa na Nyumba ni Choo, ikisisitiza vyoo bora. Nazitazama kampeni hizi kwa heshima. Serikali iliwaomba wananchi wafanye sehemu yao, na wananchi walifanya; nenda leo mtaa wowote wa Dar es Salaam, nyumba isiyo na choo cha aina yoyote utaitafuta sana. Lakini kampeni hizo zilikuwa na mpango unaofaa kijijini. Kule shimo likijaa unalifukia, unapanda mgomba juu yake, unachimba jingine hatua chache pembeni. Buguruni ukitoka mlangoni umegusa ukuta wa jirani. Hakuna hatua chache pembeni.

Mji wenyewe umekua kupita kiasi cha shimo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wasiozidi laki tatu Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Mfumo wa mabomba ya majitaka ulianzia katikati ya mji enzi za mkoloni, ukaongezwa kidogo kidogo hapa na pale, na kwa miaka mingi makadirio yamekuwa yakizunguka kwenye kaya moja hivi katika kila kumi kuwa ndiyo iliyounganishwa. Zilizobaki ziko kwenye mashimo na makaro. Aliyeunganishwa hulipia majitaka pamoja na ankara ya maji, hana habari yanakwenda wapi wala halazimiki kuwa nayo. Asiyeunganishwa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, anatakiwa ajichangishe fedha ya gari zima kwa mkupuo, au awaite vyura, vijana wanaoingia shimoni usiku na ndoo na kuchota kwa mikono, wakiwa wamevaa nguo zilezile walizokuja nazo. Kazi ya vyura ni ya hatari na ya kudhalilisha, na jiji zima linaitegemea huku likijifanya haipo.

Huenda mtu akasema: basi watu walipie gari, mambo yaishe. Nilitamani kujua gari linaishia wapi. Magari mengi ya upande wetu yanakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Kanuni ya mabwawa hayo ni nzuri na haina mashine nyingi: la kwanza lina kina kirefu, vitu vizito vinatulia chini na vijidudu visivyohitaji hewa vinaanza kuvila, linalofuata ni la kina kifupi, mwani unaota, unatoa oksijeni, vijidudu vingine vinaendelea na kazi, la mwisho linaachiwa jua liue vimelea. Dawa kubwa hapo ni muda. Maji yanatakiwa yakae siku za kutosha kabla ya kutoka. Tope likirundikana chini na lisichimbuliwe, nafasi ya maji inapungua, siku zinapungua, na yanatoka kabla hayajaiva. Yakitoka Vingunguti yanaingia Msimbazi.

Hapo ndipo hoja ya mwananchi mwema inapofika mwisho. Chukua mtu anayefuata kila kanuni: ana choo bora, hatapishi, analipa gari kila kinapojaa, anatunza risiti. Bado yake yanaweza kuishia mto uleule aliouharibu jirani yake wa usiku wa mvua, tofauti ikiwa ni kilomita chache na bwawa lililotunzwa au lisilotunzwa. Wema wake unahitaji bwawa lichimbuliwe tope, na hana koleo la kulichimbua.

Mto wenyewe unastahili maneno machache, maana tumeuzoea kama jina la kituo cha daladala. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, ambako bado kuna msitu, na maji pale ni maji. Unashuka kupitia Gongo la Mboto na Kinyerezi, unapita Tabata na Vingunguti, unaingia Buguruni na Kigogo, unapokea Mto Ng'ombe na Mto Sinza, unatanuka Jangwani, halafu unapita chini ya Daraja la Salenda na kuingia Bahari ya Hindi kati ya Upanga na Oysterbay. Machinjio, viwanda, gereji, mabwawa ya majitaka, masoko na vyoo vyetu vyote viko njiani. Wanaotembea jioni kwenye Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, wanaunusa upepo ukigeuka. Ni harufu ya mitaa saba au minane iliyoko nyuma yao, ambayo wengine hawajawahi kuikanyaga.

Na mto haubaki mtoni. Bondeni kuna bustani za mchicha, matembele na chainizi, wanaume kwa wanawake wanamwagilia alfajiri kwa keni na ndoo, na mboga zinakwenda masokoni kote mjini. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na Sinza, wakaonyesha risasi, kadmiamu, shaba na zinki ndani yake. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015, kilitoka hapa kikatapakaa karibu nchi nzima. Aliyefikiri kwamba majitaka ya bondeni ni tatizo la bondeni alikuwa na miezi mingi ya kujua vinginevyo.

Kuna kesi moja ambayo ningependa ifundishwe shuleni, hata darasa la saba. Mwaka 1988, mwaka uleule ambao haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 zilianza kudaiwa mahakamani, wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa mtaani kwao na kuchomwa. Moshi, inzi na uvundo viliingia vyumbani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Halmashauri ikarudi kuomba muda, ikaomba na tena. Jaji Lugakingira alipochoka, alisema kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaiweka hoja kwenye Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi.

Nikisoma habari ya uamuzi huo moyo hunipanda. Watu wa mtaa wa kawaida, wakati ambao kuishitaki serikali kulionekana kama utovu wa adabu, walisimama mbele ya jaji wakasema kupumua ni haki yetu, na jaji akakubali. Lakini fuatilia taka zilikwenda wapi. Zilihamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Kisha zikaletwa Vingunguti, kando kabisa ya Msimbazi.

Siwalaumu watu wa Tabata hata chembe. Walifanya anachopaswa kufanya kila raia. Ila kisa hicho kimenifundisha kuwa mwangalifu na ushindi wangu mwenyewe, hata ule mdogo wa nyumbani. Mara ngapi nimeondoa kero mlangoni kwangu na kuridhika, bila kutazama imeangukia mlango wa nani? Mtu mmoja, au mtaa mmoja, una uwezo wa kuusukuma uchafu mbali. Uwezo wa kuumaliza hauna. Mahakama iliiambia mamlaka ikome kuchafua, mamlaka ikasikia ihame. Tangu hapo naamini wajibu wa serikali kuhusu mto upimwe kwa swali la jirani yangu mwenye mchele: yamepelekwa wapi? Kama jibu ni "kwa wale", wajibu haujatekelezwa, hata kama waliolalamika mwanzo wametulia.

Nayo serikali ikiamua kuwa na nguvu bondeni, inazo. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu zaidi ya arobaini, familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 matingatinga yaliingia Mkwajuni na Hananasif, na nyumba za bondeni zikachorwa X nyekundu, kwa hoja ya sheria ya mazingira inayozuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sibishani na mita 60. Watu walikuwa wanakufa maji, na kukaa pale ni hatari. Ninachokitazama ni mwelekeo wa rangi ile. Sheria hiyohiyo, ya mwaka 2004, inasema katika kifungu cha 4 kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na ina vifungu vya kuzuia kumwaga uchafu majini. Nimeona X kwenye ukuta wa mama lishe. Sijaona X kwenye mdomo wa bomba linalotoa majitaka mtoni, na mabomba hayo hayahami usiku. Yapo palepale, mwaka baada ya mwaka, kila anayepita anayaona.

Mkono unaoweza kubomoa nyumba asubuhi moja hauwezi kusema hauna uwezo wa kufika kwenye bomba. Hilo naliamini kwenye ngazi zote, kuanzia wizara mpaka baba ndani ya nyumba. Anayedai utii ndiye anayedaiwa huduma. Kama nina mamlaka ya kumwambia mwanangu asinywe maji ya kisima, nina wajibu wa kumwekea maji mengine mezani. Nikishindwa, katazo langu ni kelele tu.

Mtaa wetu uliwahi kuwa na chemba iliyofumka. Ilikuwa inatema mchana kutwa mbele ya genge la mama anayeuza vitumbua, na watoto wa shule wanaruka kwa kukanyaga matofali tuliyoyapanga. Tukaandika barua, wajumbe wakatia sahihi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri. Ofisi ya kwanza ikatuambia chemba ile si ya kwao, ni ya mtaro wa barabara. Ofisi ya barabara ikasema kinachotoka ni majitaka, waulizwe wa majitaka. Ofisi ya tatu ikatushauri tuwaelimishe wananchi wasitupe pampasi kwenye chemba. Ushauri huo ulikuwa wa kweli, pampasi zilikuwamo, na anayezitupa anakosea. Lakini hatukwenda kuomba semina. Wote watatu walitupokea kwa heshima, wakatupa viti, wengine walitupa na chai. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Chemba iliendelea kutema.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiuhesabia Msimbazi walezi wake utawapata wengi: DAWASA kwenye maji na majitaka, halmashauri kwenye afya na vyoo, TARURA kwenye barabara na mitaro yake, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwenye mto kama chanzo cha maji, NEMC kwenye mazingira, EWURA kwenye udhibiti wa huduma. Mto unaanzia Kisarawe mkoani Pwani, unapita Ilala, ambayo tangu 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam, unapokea maji ya Ubungo na Kinondoni. Kila mmoja ana kipande chake cha sheria, na kila kipande kimeandikwa vizuri. Uchafu unapita kwenye maungio. Ndiyo maana nikisikia "serikali" kwenye suala hili sifikirii ofisi fulani. Nafikiria yule mwenye uwezo wa kuziita ofisi zote chumba kimoja na kusema hakuna anayetoka mpaka tujue nani anajibu mto ukinuka. Mtu wa namna hiyo yupo katika kila mkoa. Ana ofisi, ana gari, ana bendera.

Hoja ya fedha inatajwa haraka sana, na si hoja ya uongo. Kutandaza mabomba ya majitaka kwenye mitaa isiyopimwa ni ghali kuliko karibu kila kitu ambacho jiji linaweza kujenga, na hayapigiwi picha nzuri. Waziri anakata utepe wa daraja. Nani anakata utepe wa chemba? Lakini fedha zimekuwa zikija. Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji, na wanaoishi Tandale wanajua tofauti mvua ikinyesha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi: daraja jipya la Jangwani, kuzuia mafuriko, fidia kwa wanaohamishwa, na bustani ya mji mahali ambapo leo ni matope. Ninautakia mradi huo heri kwa moyo wote. Nataka watoto wa Kigogo wawe na bustani. Ila maji yatakayopita katikati ya bustani hiyo yatakuwa yaleyale yanayotoka Vingunguti na Buguruni, na zege hata liwe zuri namna gani halisafishi kinachopita juu yake. Mtu akiniuliza mradi umefanikiwa nitatazama kwanza kama jirani yangu bado anaisubiri masika.

Wala si lazima kila nyumba ipate bomba kubwa kesho. Bomba dogo linaweza kupita kina kifupi uchochoroni, likakusanya nyumba ishirini, likaenda kwenye mtambo mdogo wa mtaani. Pikipiki ya magurudumu matatu yenye tangi na pampu ya mkono inaweza kufika pasipofika lori, na ada yake ikagawanywa kwa mwezi badala ya mkupuo. Vyura wanaweza kuandikishwa, kupewa mabuti, glavu na chanjo, na kuitwa kwa jina la kazi. Mambo haya yameshajaribiwa hapahapa jijini, kwa ukubwa wa mfano. Yanabaki mifano kwa sababu mfano unaweza kuendeshwa na shirika la hisani, ila mji mzima unahitaji mwenye mamlaka aseme hii sasa ni huduma, kama umeme, na ina mtu wa kuulizwa isipopatikana.

Nina watoto wanaokua wakiuona mto huu kama mtaro mkubwa. Nawafundisha kufagia, kunawa, kutotupa kitu chemba. Ila nimeanza pia kuwapeleka mkutano wa mtaa, wakae kwenye benchi la nyuma, waone mtu mzima akisimama kuuliza na kiongozi akitakiwa kujibu. Mwanzoni walichoka. Siku hizi binti yangu ananikumbusha tarehe. Nataka akue akijua kwamba kuna uchafu wa kufagia na kuna uchafu wa kudai, na kwamba ule wa pili ukiufagia tu utazeeka na ufagio mkononi.

Ombi langu kwenye mkutano ujao ni dogo na halihitaji mkopo wa nje. Maji yanayotoka kwenye mabwawa ya Vingunguti kuingia mtoni yapimwe kila mwezi, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, pale yanapobandikwa matangazo ya uchaguzi na ya michango: kiasi cha vimelea, kiwango kinachoruhusiwa, tarehe ya mwisho bwawa lilipochimbuliwa tope, na jina la cheo cha mtu anayewajibika. Mwenyekiti wetu ameniambia hajui kama ana mamlaka ya kudai karatasi hiyo. Nimemwambia tuiandikie barua pamoja, na safari hii nakala iende kwa ofisi zote kwa siku moja, kila mmoja aone imepelekwa kwa nani mwingine.